Nimestaafu jeshi, sasa nakesha jangwani na kamera: Njia Nyeupe inanitoka rangi ya machungwa, na Agosti nataka kwenda Chalbi

afande_mojave

Wakuu habari zenu, na akina dada mliomo humu pia. Mimi ni Mkenya wa Kitui, nlikuja Marekani kwa bahati nasibu ya grini kadi, nkaingia jeshi la nchi kavu, nkazunguka nalo Kuwait na Afghanistan hadi muda wangu ukaisha, na saa hii naishi Kalifornia, jangwa la Mojave upande wa Barstow. Niliachia bunduki nikashika kamera, na mke wangu anasema afadhali bunduki maana ilikuwa na likizo.

Kupenda jangwa kulianzia Fort Irwin, pale tunapofanyia mazoezi ya vifaru. Kuna sheria moja ya kobe wa jangwani, kobe akionekana njiani msafara unasimama, hakuna kumgusa, wanaitwa watu wa mazingira, na kabla dereva hajaondoa gari lazima ainame achungulie chini maana kobe wanapenda kivuli cha gari. Basi unakuta chuma cha mamilioni ya dola kimesimama kinangoja kobe anayetembea kama anaenda harusi ya mtu asiyempenda. Nlikuwa nacheka, halafu nkaanza kuuliza huyu mnyama anakula nini hapa, anakunywa wapi, na ndio nkaanza kuona kumbe mahali nilipodhani pamekufa pamejaa watu wake.

Usiku ni hadithi nyingine. Wale mliokuwa jeshini mnajua, kabla ya kutoka usiku mnaambiwa mwezi una mwanga asilimia ngapi, unachomoza saa ngapi na kuzama saa ngapi, na giza totoro ndilo mnalolifurahia kwa sababu nyie mna miwani ya usiku na yule mwingine hana. Anga la Afghanistan nimeliona miezi na miezi kupitia kioo cha kijani, sikumbuki kuliangalia kwa macho yangu nikiwa sina kazi. Usingizi nao uliharibika huko huko, saa nane usiku macho yako wazi. Sasa badala ya kuhesabu mbao za dari naingia kwenye gari.

Swali langu liko hivi. Nina Nikon D750 ya mtumba na lenzi ya 20mm f/1.8, tripodi nzuri. Nikienda hifadhi ya Joshua Tree majira ya joto kupiga Njia Nyeupe (ule mkanda wa nyota), sehemu ile nono ya katikati inakaa chini sana na nyuma yake kuna mwanga wa machungwa wa mji unaomeza kila kitu, na nikizuumu nyota zimevutika zimekuwa vijiti. Ninunue traka (kile kifaa cha kuzungusha kamera ifuate nyota) au shida ni mimi? La pili, Agosti 2026 tunaenda nyumbani na ninataka siku chache jangwa la Chalbi kule Marsabit, nibebe nini, nibadilishe nini, nyota si zinaenda mbio zaidi ukiwa ikweta? La tatu si la kamera, mke hapendi nikienda peke yangu.

kibaraza_vegas

Afande heshima yako, karibu kwenye ugonjwa. Mimi Mtanzania niko Las Vegas, yaani mimi ndiye mwanga unaoharibu picha za wenzangu, ila wikiendi nautoroka.

Traka weka pembeni kwanza, shida yako ni mwezi wa kwenda na upande unaosimama. Uko latitudo ya 34 au 35 hivi, na kitovu cha Njia Nyeupe kiko kusini mno angani, kwa hiyo hata kikipanda mwisho wake kwako ni kama nyuzi 27 tu kutoka upeo. Hakuna lenzi itakayokibeba juu zaidi ya hapo. Sasa angalia ramani, ukiwa Joshua Tree kusini na kusini-magharibi yako kuna bonde la Coachella, Palm Springs, Indio, taa mpaka basi. Agosti giza likiingia kitovu tayari kiko kusini na kinaelekea kusini-magharibi, yaani umekipeleka mwenyewe juu ya viwanja vya gofu vya watu. Ndio machungwa yako hayo.

Nenda Aprili. Katikati ya Aprili kitovu kinachomoza baada ya saa sita usiku upande wa kusini-mashariki, na kusini-mashariki ya Joshua Tree ndiko kweusi. Ingia upande wa Cottonwood au lile bonde la Pinto mashariki ya hifadhi, usikae kule magharibi kwenye mawe maarufu ambako kila mtu anapiga picha na tochi za wenzako zinapita kwenye fremu. Aprili mkanda unakuwa umelala kama upinde juu ya upeo, unaweza kuupiga wote kwa picha kadhaa ukaziunganisha, Agosti umesimama wima huo upinde huupati.

Ukitaka Death Valley geuza hesabu. Kule mwanga wa mji ni wa kwetu Vegas, uko mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo masika si mazuri sana, mazuri ni mwisho wa Septemba mpaka Oktoba mapema jioni, kitovu kiko kusini-magharibi na kule kuna giza la haja, simama matuta ya Mesquite Flat. Death Valley wamepewa hadhi ya juu ya hifadhi ya anga la giza tangu 2013, Joshua Tree walipata yao 2017, na tofauti utaiona kwa macho. Ila Agosti usiende bonde lile, mchana inapita nyuzi 49 na usiku haipoi, na ile rekodi ya 56.7 ya Julai 1913 ni ya hapo hapo Furnace Creek.

Vijiti vyako sasa. Nahisi unatumia ile kanuni ya 500 ya muda wa kuacha kamera wazi, 500 ugawe kwa milimita 20 za lenzi upate sekunde 25. Hiyo ni ya enzi za filamu, kwa kamera ya megapikseli 24 nyota zitavutika tu. Piga sekunde 12 au 13, tundu la lenzi f/2 au hata 1.8 kama kona za picha hazikukeri, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 3200 mpaka 6400, faili ghafi za RAW, fokasi kwa mkono. Fokasi usiamini alama iliyochorwa kwenye lenzi, chagua nyota kubwa, washa skrini, kuza mpaka mwisho, zungusha taratibu mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa halafu bandika utepe lenzi isisogee. Halafu usipige moja, piga 20 mfululizo bila kugusa kitu ukaziunganishe na programu ya Sequator, ni ya bure kama una Windows, inapanga nyota na inaacha ardhi ilivyo. Zile chembechembe za ISO zinapungua sana. Mtu akifanya hivyo vizuri traka ni anasa.

Na hapana, nyota haziendi mbio zaidi ukiwa Kenya. Mbio yake inategemea sehemu ya anga uliyoielekezea lenzi, iliyo karibu na ikweta ya anga inakwenda haraka na iliyo karibu na ncha inakwenda polepole, wewe uwe Barstow au Marsabit ni ile ile. Sekunde zako 12 zisafiri nazo.

kijana_tabata

Samahanini wakubwa, hivi simu haiwezi? Nimeona mtu kapiga nyota kwa simu tena nzuri tu au ndo walewale wa kuediti

kibaraza_vegas

Inaweza dogo. Google Pixel tangu ile ya 4 ya mwaka 2019 zina hali ya nyota, unaiweka kwenye tripodi inakusanya mwanga mpaka dakika 4 na kuunganisha yenyewe. Kwenye skrini ya simu inapendeza. Ukitaka kuchapisha uweke ukutani ndio utaona tofauti. Anza nayo, kinachohitajika kwanza ni giza, kamera baadaye, na giza halipo Tabata.

kijana_tabata

😂😂 tukikatiwa umeme lipo mkuu

mwanamaji_yucca

Afande, mimi nilikuwa Marini, askari wa majini, kambi ya Twentynine Palms, nikatoka nikabaki hapa hapa Yucca Valley, kwa hiyo sisi ni majirani. Mambo matatu manne ambayo kibaraza hajayagusa maana yeye hakuwahi kuvaa buti.

Kwanza pasi. Kama bado unalipa getini acha, tangu Novemba 2022 veterani anapata pasi ya maisha bure ya hifadhi zote za taifa, nenda na kitambulisho chako. Inafaa Joshua Tree na Death Valley, na Mojave Preserve haina geti kabisa.

Pili, kambi yetu bado inapiga. Kambi iko kaskazini ya mji wa Twentynine Palms na hifadhi iko kusini, lakini sauti haijui mpaka, kuna usiku mizinga inasikika hadi kwenye mahema ya watalii na unaona fataki za kuangazia zinashuka na miavuli yake upande wa kaskazini. Watalii wanashangilia. Kuna maveterani ninaowajua wamekunja tripodi wakarudi nyumbani na kazi haikufanyika wiki nzima. Sisemi wewe ni hivyo, nasema ujue kabla. Cottonwood uliyoambiwa iko mbali nao, hiyo ni faida ya pili ya kwenda kule. Na hata Kelso Dunes kule Mojave Preserve ukiangalia kusini unaweza kuona fataki siku za mazoezi. Lakini Kelso nenda hata hivyo, mchanga wake unanguruma ukiteremka mbio, matuta ya futi 650 yanatoa sauti ya besi kutoka chini ya miguu yako, mara ya kwanza nililala chini kifudifudi kabla akili haijafika 😂

Tatu, nyayo. Jeshini tulifundishwa kukwepa njia maana njia inategwa, hapa geuza, tembea kwenye njia au kwenye mchanga wa korongo. Ule udongo mweusi wenye vinundu vinundu unaouona kati ya vichaka ni kitu hai, ni bakteria na kuvu na mwani wameshikana wanazuia udongo usipeperuke na wanatunza maji. Buti moja linakaa hapo miaka mingi. Usiku huuoni, kwa hiyo fika mchana uchague pa kusimama, weka alama kwenye GPS, rudi gizani kwa njia uliyoijua.

Na ile miti ya joshua, mijoshua, usichukulie poa. Inakua kwa sentimita chache tu kwa mwaka na inategemea nondo mdogo wa yuka kuchavusha maua yake, nondo hana mti mwingine na mti hauna mchavushaji mwingine. Agosti 2020 radi ilianzisha moto Cima Dome kule Preserve, wakakadiria mijoshua milioni 1.3 imeungua. Nilikwenda kupiga picha baadaye. Nyota zilikuwa safi sana, mbele ya picha ni vijiti vyeusi tu mpaka upeo. Hizo picha sijamwonyesha mtu mpaka leo.

Taa nyekundu najua unayo. Macho yanataka nusu saa kuzoea giza na skrini ya simu inayafuta kwa sekunde moja, wewe hilo hufundishwi.

afande_mojave

@kibaraza_vegas aisee umenifungua, kumbe miaka yote nagombana na viwanja vya gofu. Ile kanuni ya 500 ndiyo niliyoisoma kila mahali. Aprili pia maua yanakuwepo mvua ikiwa ilinyesha, nitapiga mchana na usiku kwa safari moja.

@mwanamaji_yucca ya mizinga asante kusema wazi, nashukuru hukuizunguka. Kwangu mizinga ya mbali si shida sana, shida ni gari linalokuja nyuma yangu polepole taa zimezimwa, na kuna wapiga picha wanafanya hivyo kwa heshima eti wasiharibu giza la mwenzao. Heshima hiyo inanipandisha presha hadi masikio yanapiga. Siku hizi naegesha ukuta wa mwamba ukiwa mgongoni.

binti_wa_muscat

Salaam aleikum kaka yangu, hongera kwa kutoka salama. Mimi wazee wangu walirudi Oman kutoka Unguja, nimekulia Muscat, na sisi na dada zangu huwa twaenda Ramlat al-Wahiba takriban kila msimu wa baridi, mchanga kilomita za mraba kama 12,500 na ukishapita mji wa mwisho hapana taa.

La kwanza umande. Watu wadhani jangwani hapana maji, Wahiba ipo karibu na bahari ya Arabuni, unyevu waingia usiku na ikifika saa tisa lenzi imelowa kama imetiwa ndoo, picha zote za mwisho ni ukungu na wewe hujui mpaka ufike nyumbani. Nunua ule mkanda wa joto wa kufunga kwenye lenzi, watumia pawabenki, bei si kubwa. Mojave labda hauhitaji sana, lakini ukienda jangwa lolote la karibu na maji usiuache.

La pili usibadilishe lenzi mchangani kabisa. Chagua moja, ingia nayo, toka nayo. Upepo ukianza vua kamera tia kwenye mfuko wa nailoni, na ukirudi usipanguse kioo na kitambaa, puliza kwanza kwa ile pampu ya mpira, chembe moja ya mchanga na kitambaa chako ni msasa.

Halafu nikutie hamu. Kwetu hapa ikifika mwisho wa Agosti wazee waitafuta nyota ya Suhail alfajiri kusini, ikionekana wasema joto sasa linaondoka. Wewe Kalifornia Suhail kwako yagusa upeo tu, nyuzi mbili tatu, mlima mdogo waificha. Kwetu Muscat yapanda kidogo. Ukiwa Chalbi itapanda zaidi ya nyuzi 30, nyota ya pili kwa mwangaza angani nzima baada ya Shira (Sirius). Mwezi wa Agosti amka saa kumi na moja alfajiri utazame kusini-mashariki.

mke_wa_sajenti

Nyie wanaume mmeandika kurasa kuhusu lenzi na swali la tatu hakuna aliyeligusa. Shemeji, mke wako haogopi nyoka. Anaogopa simu isiyoshika mtandao. Mimi niliolewa na sajenti, nimesubiri simu za Iraq, najua ninachosema. Mtu alikungoja vita viishe, ukarudi mzima, sasa unatoka tena usiku peke yako kwenda mahali pasipo mtandao na unamwambia usijali.

Fanya hivi. Nunua kile kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe, Garmin wanavyo. Kila ukitoka andika kwenye karatasi, si kichwani, unaegesha wapi, unarudi saa ngapi, na saa ngapi ikipita aite msaada. Jeshini ulikuwa unaacha mpango wa safari kwa ofisa, hata msalani mlikuwa mnaenda wawili, nyumbani ndio unajifanya komando. Maji galoni moja kwa kila mtu kwa siku na ya ziada yabaki garini. Majira ya Julai mpaka Septemba angalia mvua za milimani hata kama juu yako kuna nyota, korongo linajaa maji ya mvua ambayo hukuiona.

Na umchukue naye siku moja. Beba kiti cha kukunja kizuri na chai ya tangawizi na ile tochi ya zambarau ya UV, umwonyeshe nge wanavyong'aa kijani gizani. Mimi nilipoonyeshwa hilo nilipanda juu ya boneti nikakaa hapo mpaka asubuhi, lakini tangu hapo huwa naenda.

dereva_wa_chalbi

Afande, salamu kutoka Marsabit. Mimi pia nimestaafu, KDF (jeshi la Kenya), sasa hivi naendesha Landkruza ya watalii na watafiti huku kaskazini. Nitakujibu ya Chalbi maana hawa wengine wanaijua kwa picha.

Kwanza yale ya kukuweka nje ya matatizo. Nguo za kamuflaji ziache Kalifornia, zote, hata kofia, hata begi. Kenya raia kuvaa sare za kijeshi ni kosa na polisi wa barabarani hatakaa kusikiliza kwamba ni za jeshi lingine. Miwani ya usiku kama unayo ya kwako usiibebe, utajieleza uwanja wa ndege mpaka ndege yako ya kurudi. Droni bila kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, inabaki forodhani. Kambi na vizuizi usipige picha, hilo unalijua.

Barabara Isiolo mpaka Marsabit ni lami safi siku hizi, vijana hawajui tuliyopitia. Kutoka Marsabit unashuka Maikona, unaingia Chalbi yenyewe, unafika Kalacha. Usiende peke yako na usiendeshe usiku, ukifika Marsabit uliza hali ya njia na usalama wa wiki hiyo, si wa mwaka jana. Uwe na mwenyeji Mgabra, si kwa usalama tu, ardhi ni yake na ngamia ni wake. Ukitaka kuweka manyatta au ngamia kwenye picha unaomba, na unakaa kunywa chai kwanza. Taa yako nyekundu inayotembea tembea usiku karibu na zizi la watu wasiokujua si kitu cha kujaribu, wajulishe mapema, na chifu ajue.

Chalbi lilikuwa ziwa zamani. Kiangazi juu ni gamba jeupe la chumvi, tambarare, unaweza kwenda na magurudumu bila kugusa usukani. Mvua ikinyesha, hata kidogo, chini ya lile gamba ni tope na gari linazama hadi mlangoni. Agosti kwa kawaida ni kavu, ila upepo, upepo wa huku unaujua ukiuona. Tripodi yako nzuri itatikisika. Fupisha miguu, kaa chini, tundika begi la mawe katikati, kinga na gari. Vumbi linakaa hewani jioni, baada ya saa sita usiku mara nyingi linatulia.

Kalacha kuna chemchemi na mikoche, ile minazi ya jangwani yenye shina lililogawanyika mara mbili mbili. Ndiyo ya kuweka mbele ya picha, gamba tupu la chumvi halina kitu cha kushika jicho. Asubuhi ndege wa firigogo wanakuja kunywa kwa makundi, uwe na lenzi ndefu hapo.

Sasa anga, kwa vile wageni wangu wengi wamenifundisha. Wewe kule kitovu kinafika nyuzi 27, huku kinafika 58. Agosti katikati, saa tatu kasorobo usiku kiko juu kabisa, ukitumia 20mm kulala ni shida kupata ardhi na kitovu pamoja. Ama simamisha kamera wima, ama ngoja. Kati ya saa sita na saa nane kinateremka kusini-magharibi, hapo ndio unakiweka juu ya mikoche, na huko hakuna mji wa kukutia machungwa. Saa mbili usiku ukigeuka unaona kundi la nyota la Salibu (msalaba wa kusini) kusini-magharibi na lile la Dubu Mkubwa kaskazini-magharibi kwa wakati mmoja, wageni wa Ulaya wanapiga kelele.

Traka usibebe. Kuna mmoja alikuja na yake, nyota ya kaskazini ambayo inatakiwa uilengee iko nyuzi 3 tu kutoka upeo, imo ndani ya vumbi, akahangaika nayo usiku kucha. Ila michirizi ya nyota piga, acha kamera kwa muda wa saa mbili ikiangalia mashariki, huku haizunguki duara kama ya kwenu, inapanda moja kwa moja kama mvua iliyogeuzwa na pembeni inapinda huku na huku.

kibaraza_vegas

@dereva_wa_chalbi mzee shikamoo, hiyo darasa. Afande, niongeze tarehe: 12 Agosti 2026 ni mwezi mwandamo kwa hakika, siku hiyo jua linapatwa kule Iceland na Hispania, kwa hiyo giza unalo kuanzia kama tarehe 8 hadi 16. Na usiku wa 12 kuamkia 13 ndio kilele cha vimondo vya Perseidi. Hapo una uamuzi. Vimondo hivyo vinatokea kaskazini angani, Mojave mahali vinapotokea panapanda juu sana alfajiri, Chalbi panabaki chini, utaona vichache. Ukitaka vimondo baki Kalifornia. Ukitaka Njia Nyeupe nenda Chalbi. Vimondo vya Disemba 13 na 14 ndivyo vinavyofaa Kenya.

afande_mojave

Vimondo vitanisamehe, Perseidi zinarudi kila mwaka na tiketi za watoto hazirudi. Naenda Chalbi.

@mke_wa_sajenti nimemsomea mke wangu ujumbe wako wote kwa sauti, amesema nikuulize kile kifaa cha setilaiti kinauzwa wapi, anataka kukinunua mwenyewe na nywila abaki nayo yeye. Ya nge amekataa kata kata. Chai na kiti amekubali, tumeanza na Aprili Cottonwood.

@binti_wa_muscat shukran dada, Suhail nitaitafuta. Mama yangu Kitui alikuwa anaangalia Kilimia, kile kikundi cha nyota, kujua mvua, hicho kimoja ndicho nilichotoka nacho nyumbani, nyingine zote nimezijua ukubwani.

@dereva_wa_chalbi mzee wangu shikamoo, kumbe afande ni wewe. Tutakuwa wawili na mvulana wangu wa miaka 15, mke na wadogo wanabaki Kitui kwa nyanya. Kamuflaji nimeelewa, ingawa begi langu zuri la kamera ndilo hilo.

dereva_wa_chalbi

Marahaba. Begi lipake rangi au ununue jingine Nairobi, Mtaa wa Biashara mabegi yapo. Nitumie ujumbe pembeni. Ukiwa unataka tarehe 12 iwe Kalacha, basi tarehe 10 mlale Marsabit, 11 asubuhi mapema tuteremke kabla upepo haujaamka. Magari mawili, si moja, na gharama ya la pili tutaangalia kama kuna wengine wanaotaka kuungana. Mvulana aje na miwani ya vumbi na skafu, na umwambie mapema kwamba huku hakuna mtandao ili asije akanilaumu mimi.

kijana_tabata

Mzee hilo gari la pili kiti kimoja bei gani? Nina Pixel sasa